Ngazi Hizi ni za Nani?

Maduka mengi ya zamani katikati ya Mombasa hayako sawa na barabara. Pita Biashara Street, pita Digo Road, kisha ushuke vichochoro vya kuelekea Mji wa Kale: utaona sakafu zimeinuliwa juu ya njia. Waliojenga walikuwa na sababu zao. Mvua za masika zikikaza, mitaro hujaa, maji hutapakaa barabarani, na kizingiti kirefu ndicho kilichookoa magunia ya mchele na marobota ya kanga. Basi jengo likapewa ngazi mbili, tatu, hata nne, na hakuna aliyeona ubaya.

Leo majengo hayohayo yamekatwakatwa vyumba vidogo vya biashara. Hapa famasia, pale ajenti wa M-Pesa, kando fundi wa simu, mwisho muuza vitambaa. Hakuna hata mmoja wao aliyezijenga ngazi zile. Mwenye jengo naye mara nyingi hakuzijenga, amerithi. Kaunti inasema yake ni njia ya nje tu. Na mtu aliyekuja na kiti cha magurudumu anabaki chini, anatazama rafu za dawa kwa mbali.

Sheria yetu haikunyamaza. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachostahili. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi, na kundi kubwa kuliko yote, watu 385,417, ni wale wenye shida ya kutembea. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo: katika jengo la kupanga, nani hasa wa kushika nyundo na nani wa kutoa fedha?

Nimewakutanisha hapa watu watano: mpangaji mwenye famasia, mwenye jengo, mwalimu anayetumia kiti cha magurudumu, wakili na fundi wa ujenzi. Watu hao nimewatunga mimi. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazosemwa kila linapozuka jambo hili. Wala sikukaa kando. Panapohitaji kusemwa neno, nitalisema.

*

MPANGAJI: Naomba nianze mimi, maana lawama huanzia kwangu. Mteja akifika pale chini akashindwa kupanda, mwenye jengo hamwoni, ananiona mimi. Lakini mimi nimepanga tu. Mkataba wa maandishi hatuna. Kodi nailipa mwanzo wa mwezi, napewa risiti, basi. Nilipoingia nilitoa gudwili, nikatengeneza rafu, nikanunua friji ya dawa, nikalipia leseni zote. Sasa niambiwe nivunje ngazi za jengo lisilo langu? Nikigonga nyundo pale bila ruhusa ya mzee, kesho yake naamkia notisi. Na isidhaniwe kwamba nawanyima watu huduma. Akija mwenye kiti, msaidizi wangu hushuka mbio, huchukua karatasi ya daktari, na dawa huletewa palepale chini. Hata foleni hapangi.

MWALIMU: Dada, msaidizi wako ana adabu na namshukuru. Lakini hebu tuifuate hiyo huduma ya chini mpaka mwisho wake. Anasimama nami njiani, tuktuk zinanguruma, kwa hiyo lazima apaze sauti. Ananiuliza natumia dawa gani nyingine, kama nina mimba, kama dawa hii imewahi kunidhuru. Ni maswali ya haki, asipouliza atakuwa hajui kazi. Wengine mnaulizwa hayo kwenye kaunta, kwa sauti ya chini. Mimi naulizwa mbele ya wapita njia na wauza maji. Siku moja mzazi wa mwanafunzi wangu alikuwa amesimama kando, akasikia yote.

MPANGAJI: Hilo sikuwahi kulifikiria.

MWALIMU: Na jirani yako, ajenti. Naye hushuka, kwa wema kabisa. Nathibitisha kutoa fedha kwenye simu yangu, kisha ananihesabia noti mkononi, njiani, mchana kweupe. Kijana mwenye nia mbaya hana haja ya kuninyemelea. Ameona kiasi, ameona nilipozitia, na anajua sitamkimbiza.

*

Hapa niseme. Hoja ya "tunamhudumia nje" ndiyo inayotolewa zaidi na wenye maduka, na wanaoitoa ni watu wenye moyo mzuri. Lakini huduma ya nje ni ya kushikilia hali kwa muda, haifai kuwa suluhisho la miaka 10. Anayehudumiwa nje hachagui, huletewa. Hawezi kugeuza kopo asome tarehe ya mwisho ya matumizi ya lile la nyuma, hawezi kulinganisha bei mbili, hawezi kuona kwamba kitu alichoulizia sehemu nyingine kipo hapa kwenye rafu ya tatu. Na siku duka limejaa, mhudumu mmoja, wateja kumi, nani atashuka? Atangoja. Mara nyingi jua la saa saba ndilo litakalokuwa mwenzake.

*

MWENYE JENGO: Nimewasikia, nami nina huruma, msije mkanifanya mtu wa jiwe. Mama yangu mwenyewe alimaliza siku zake akibebwa kupandishwa nyumbani. Lakini tuseme ukweli wa jengo. Lile ni la babu, la mawe ya matumbawe na chokaa. Ukigusa ngazi umegusa msingi. Ukigusa msingi, hujui ufa utatokea ghorofa gani. La pili ni kodi. Wapangaji wangu wa miaka mingi wanalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ile ya wapangaji wa maduka. Asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, simwondoi hivihivi wala simpandishii kodi hivihivi. Lazima nimpe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, naye akipinga tunakwenda kwenye baraza la majengo ya biashara, na kesi zile hamzijui urefu wake. Kodi haiongezeki, ninyi mnaniongezea kazi. Fedha zitoke wapi?

MPANGAJI: Mzee, na mimi nikizitoa, kodi hutaipandisha kwa sababu duka limekuwa zuri?

MWENYE JENGO: Binti yangu, hilo siwezi kuliapia.

WAKILI: Basi tuwekeni sheria mezani kabla ya huruma, maana huruma haijawahi kumwaga simiti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilimwambia mwenye jengo linalotumiwa na umma alirekebishe ili watu wenye ulemavu waweze kulitumia, ikampa miaka 5. Kifungu hicho kilichelewa kuanza, kikaanza kutumika Januari 2010. Piga hesabu: muda ulikwisha 2015. Sheria hiyo ililipa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu nguvu ya kumwandikia mwenye jengo amri ya marekebisho, baada ya kumpa nafasi ya kujieleza. Mwezi wa Mei 2025 ikasainiwa sheria mpya iliyochukua mahali pa ile. Kwa hiyo, mzee, hatuzungumzii jambo geni lililoletwa jana.

MWENYE JENGO: Miaka yote hiyo, hakuna aliyekuja kugonga mlango wangu na karatasi.

MWALIMU: Dawa ya deni ni kulipa, mzee. Mdai kuchelewa hakufuti deni.

WAKILI: Na wewe, mama wa famasia, usifurahi upesi. Ni kweli lile jukumu la kurekebisha jengo limemlenga mwenye mali. Lakini Ibara ya 27 ya Katiba inakataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwingine kwa ulemavu wake, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Na Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki inamfunga kila mtu. Duka lako limefunguliwa kwa umma. Mlango wako ukiwa na ngazi ambazo ungeweza kuzifanyia kitu na hukufanya, hutajificha nyuma ya mzee.

MPANGAJI: Ningeweza kufanya nini? Hilo ndilo swali langu tangu mwanzo.

*

Swali lake ni la haki, na hapo ndipo mijadala mingi hukwama, kwa sababu watu huendelea kutupiana vifungu. Jibu lilitoka kwa mtu aliyekuwa amenyamaza.

*

FUNDI: Mimi sijui vifungu, najua futi kamba. Nipeni ruhusa nieleze. Ngazi moja ya kawaida ina sentimita 15. Rampu ya kufaa, ile ambayo mtu anapanda kwa mikono yake mwenyewe bila kusukumwa, kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi moja, basi, rampu ya mita 1 na sentimita 80. Ngazi tatu ni sentimita 45 kwenda juu, kwa hiyo mita 5 na sentimita 40. Juu yake uweke bapa la mita moja na nusu, ili kiti kipate kugeuka na mlango upate kufunguka. Sasa nyote mnaijua njia ya miguu pale mbele. Ukizitoa mita 5 na nusu moja kwa moja kutoka mlangoni, umeingia barabarani, matatu inakupitia juu.

MWENYE JENGO: Si ndiyo hayo ninayosema! Haiwezekani.

FUNDI: Sijamaliza, mzee. Nimesema moja kwa moja kutoka mlangoni. Jengo lako lina veranda?

MWENYE JENGO: Lina. Mwanzo mpaka mwisho.

FUNDI: Maduka mangapi yanatazama veranda hiyo?

MWENYE JENGO: Sita.

FUNDI: Sakafu ya veranda iko sawa na sakafu za maduka, au kuna kuruka?

MPANGAJI: Iko sawa. Kwangu kuna kizingiti cha vidole viwili tu.

FUNDI: Basi ngazi si za famasia. Ni za veranda. Hakuna haja ya rampu sita. Rampu moja tu, iwekwe kwenye kichwa cha veranda, upande wa kichochoro, ilale sambamba na ukuta isitoke barabarani. Mita 5 na nusu pale zipo. Mtu akishapanda hapo, amefika maduka yote sita.

*

Nimelazimika kulifikiria hili kwa muda mrefu, kwa sababu linageuza kesi nzima. Tulikuwa tukiuliza kama famasia ndogo inaweza kuubeba mzigo, na jibu siku zote litakuwa haiwezi. Ajenti wa M-Pesa anayeishi kwa kamisheni hawezi. Fundi wa simu hawezi. Ukimpima kila mpangaji peke yake utapata maskini sita wenye udhuru sita, na kiti kitabaki chini mpaka kiyama. Lakini mzigo si wa duka moja. Uwezo upimwe kwa jengo zima: kodi za vyumba sita kwa pamoja, na umri wa miaka mingi ambayo jengo bado litakuwepo baada ya famasia kuhama. Rampu itabaki kwenye mali ya mwenye jengo. Itamhudumia mpangaji atakayekuja baada ya huyu, na atakayekuja baada yake. Ndiyo maana nasema bila kigugumizi kwamba ujenzi ni wa mwenye jengo, na si sadaka kwa mpangaji.

Mpangaji naye hajaachwa huru. Fundi aliendelea.

*

FUNDI: Lakini, mama, sitajenga rampu ikaishia kwenye friji ya soda. Veranda ile imejaa. Muuza vitambaa ametoa sanamu zake nje, ajenti ameweka meza na mwavuli, na mbele ya mlango wako kuna ubao wa matangazo ya vipimo vya presha. Kiti kinataka upana wa karibu mita moja ya kupita bila kukwaruza. Mlango unataka sentimita 80 na ushee uwazi mtupu. Wewe mlango wako una mbao mbili, umefunga upande mmoja kwa komeo tangu ulipohamia.

MPANGAJI: Upande ule nimeweka rafu ya sabuni.

MWALIMU: Mara nyingi ndani ndipo panaponikatalia. Rampu nimeipanda, mlango nimeupita, kisha kati ya rafu mbili kuna maboksi ya dawa za maji yamepangwa sakafuni. Siwezi kwenda mbele wala kugeuka. Natoka kinyumenyume nikiomba radhi kwa kila mtu.

MPANGAJI: Maboksi ni ya kwangu, na rafu ya sabuni ni yangu. Hayo nayakubali leo hii. Hayahitaji ruhusa ya mtu.

FUNDI: Na kaunta?

MPANGAJI: Kaunta ni ndefu, inanifika kifuani. Naweza kuikata kipande kimoja kikashuka.

MWALIMU: Kama kukata ni gharama, weka meza ndogo pembeni, uje unihudumie hapo. Nataka tu tutazamane usoni.

WAKILI: Hapo ndipo mstari unapopita wenyewe. Kilichoshikamana na jengo, rampu, bapa, vishikio, kizingiti, upana wa mlango, ni cha mwenye jengo. Kinachohamishika na kilicho ndani ya chumba ni cha mpangaji. Wamarekani walilitatua kwa namna inayofaa kutazamwa. Sheria yao ya 1990 inawabana wote wawili, mwenye jengo na mpangaji, mbele ya mtu aliyenyimwa njia. Mkataba wao unaweza kugawa gharama watakavyo, lakini mgawanyo huo unawahusu wao kwa wao. Hauwezi kumwambia mteja, "Nenda kwa yule." Na kwa majengo ya zamani hawakudai miujiza. Waliagiza yaondolewe vikwazo vile vinavyoweza kuondolewa bila taabu kubwa wala gharama kubwa, na serikali yao ikatoa mwongozo wa kipi kitangulie: kwanza mtu aweze kuingia, pili azifikie bidhaa, kisha vyoo.

MWENYE JENGO: Nimesikia pia habari za huko California. Mtu mmoja anashtaki maduka kwa mamia, kila kosa dola 4,000, wenye mikahawa wanafunga. Mnataka tuletewe hayo?

WAKILI: Dola 4,000 ni kweli, ndicho kima cha chini katika sheria ya jimbo lile, na malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yalikuwa makubwa. Ndiyo maana jimbo liliweka wakaguzi wenye vyeti: mwenye duka anamwita mkaguzi kabla hajashtakiwa, anapata ripoti ya nini kirekebishwe, na ripoti hiyo inampa kinga fulani mahakamani. Na serikali kuu yao ina punguzo la kodi ya mapato kwa biashara ndogo, nusu ya gharama za marekebisho kati ya dola 250 na 10,250 kwa mwaka. Sisi tulichukua nini? Sheria ya 2003 ilimpa mwajiri binafsi nafasi ya kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa kodi kwa nusu ya gharama, lakini ni pale anaporekebisha jengo kwa ajili ya mfanyakazi mwenye ulemavu. Aliyerekebisha kwa ajili ya mteja hakutajwa.

MWENYE JENGO: Mngetaja hilo kwanza. Mtu akiniambia nitarudishiwa sehemu kwenye kodi ya mapato, masikio yanafunguka.

MWALIMU: Mzee, niruhusu nikuulize bila kukuvunjia heshima. Mwaka 2018 kaunti ilipoamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, jengo lako lilipakwa?

MWENYE JENGO: Lilipakwa.

MWALIMU: Nani alilipa?

MWENYE JENGO: Mimi. Ningefanyaje, walikuwa wanatishia kushtaki.

MWALIMU: Kodi ilikuwa ileile, wapangaji walewale, jengo lilelile la babu. Na rangi haikumsaidia mtu yeyote kuingia dukani.

Mzee hakujibu. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

*

Mfano huo wa rangi nauchukulia kwa uzito. Umethibitisha kwamba uwezo wa kuwaamuru wenye majengo upo, na uwezo wa wenye majengo kutii upo. Amri ilikuwa wazi, ilimtaja wa kufanya, na ilikuwa na adhabu. Wajibu wa rampu umekaa kwenye vitabu tangu 2003 bila mtu wa kupita mlango kwa mlango na futi kamba. Leseni ya biashara hutolewa upya kila mwaka. Afisa wa afya hukagua, wa zimamoto hukagua. Sioni kwa nini fomu hiyohiyo isiulize kimo cha ngazi ya mlango na jina la mwenye jengo, kisha barua ya marekebisho iende kwa mwenye jengo na nakala kwa mpangaji. Nasisitiza iende kwa mwenye jengo. Kaunti ikianza kumnyima leseni muuza dawa kwa sababu ya ngazi asizozijenga, tutakuwa tumemwonea mnyonge mmoja kwa jina la mnyonge mwingine, na maduka yatafungwa bila rampu hata moja kujengwa.

*

MPANGAJI: Mimi hofu yangu bado ni ileile. Nikimwandikia mzee barua ya kudai rampu, yeye akaniandikia kwamba anataka kulijenga upya jengo, nihame. Sura ya 301 inamruhusu.

WAKILI: Inamruhusu akithibitisha kweli kwamba ana nia ya kujenga, na unaweza kupinga mbele ya baraza. Lakini hofu yako ni ya kweli na sheria haijaitibu. Uingereza, mpangaji akiomba kufanya marekebisho ya namna hii, mwenye jengo hawezi kukataa bila sababu ya maana. Sisi tungeweza kwenda mbele kwa kutumia kitu tulicho nacho tayari. Baraza letu la majengo ya biashara lina uwezo, mwenye jengo akikwepa ukarabati ulio juu yake, kumruhusu mpangaji aufanye mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi. Tamko moja tu linatosha: kwamba kuondoa kikwazo cha mlangoni kihesabiwe kuwa ukarabati ulio juu ya mwenye jengo.

MWENYE JENGO: Yaani ajenge kwa mkono wake, nilipe mimi kwa kodi yangu?

WAKILI: Endapo umekataa bila sababu. Ukikubali, unajenga mwenyewe, kwa fundi wako, kwa bei uliyopatana.

FUNDI: Na kwa jengo la zamani ningeshauri rampu ya chuma, si ya zege. Vijana wa jua kali wanachomelea vizuri. Inasimama kwa miguu yake, haijaligusa jiwe wala chokaa. Kama jengo liko ndani ya eneo la hifadhi ya Mji wa Kale, lazima kwanza muwaone watu wa makumbusho, lakini kitu kinachoweza kuondolewa kesho bila kuacha alama ni rahisi kuombewa ruhusa kuliko simiti. Kwa maduka yenye ngazi moja tu hata hiyo haihitajiki. Huko Toronto kuna watu wa StopGap wanaotengeneza rampu za mbao za kubebeka, wanazipaka rangi kali, mwenye duka anaiweka asubuhi na kuiingiza ndani usiku. Hiyo mpangaji anaweza kuimudu peke yake.

MWENYE JENGO: Na mvua? Rampu si itakuwa njia ya maji kuingia dukani?

FUNDI: Maji hayapandi mlima, mzee. Juu rampu inaishia kwenye sakafu ileile iliyokuwepo. Kitu cha kuogopa ni chini, isizibe mtaro. Ya chuma ina miguu, maji yanapita. Kingine cha kuogopa ni marumaru. Nimeona rampu za majengo mapya mjini zimewekwa marumaru ya kung'aa, mvua ikinyesha hata mzima anateleza. Bati la kukwaruza ndilo linalotakiwa, na ukingo wa pembeni ulioinuka kidogo ili gurudumu lisitoke, na kishikio pande zote mbili.

MWALIMU: Kishikio kinawafaa na wazee wasio na kiti. Na kinamama wenye watoto, na yule wa mkokoteni anayeshusha maboksi ya dawa akihema.

MPANGAJI: Huyo wa mkokoteni hunitoza zaidi kwa sababu ya ngazi.

MWENYE JENGO: Na bodaboda? Kichwa cha veranda upande wa kichochoro ndiko wanakoegesha. Rampu itakwisha Ijumaa, Jumamosi wamekaa juu yake.

WAKILI: Hilo ni la kaunti, na lazima iandikiwe pamoja na mtaro usio na kifuniko. Tusiwabebeshe ninyi wawili kila kitu. Rampu inayoshuka kwenye shimo la mtaro haijamfikisha mtu popote.

*

Waliandikiana masharti siku hiyo, na kwa kuwa mkataba wenyewe haukuwepo, ilibidi waanze kwa kuutengeneza. Mwenye jengo atajenga rampu ya veranda na kuondoa kizingiti cha vidole viwili. Wapangaji wote sita watabana vitu vyao ukutani na kuacha mita moja ya njia. Mpangaji atafungua ubao wa pili wa mlango, ataondoa maboksi na kuweka meza ya pembeni. Mwenye jengo alitaka kuandika kwamba gharama zitarudishwa kwa kupandisha kodi. Wakili alikataa kuliandika hilo, akasema akitaka kupandisha kodi afuate notisi kama siku zote na aeleze mbele ya baraza. Walibishana hapo karibu nusu ya muda wote wa mkutano. Kwangu mimi wakili alikuwa sahihi. Ukiruhusu rampu iwe kisingizio cha kodi, wapangaji watakuwa wa kwanza kuipinga, na mwenye kiti atapata maadui sita mahali alipokuwa na majirani sita.

Sharti moja mwenye jengo alilipata. Kazi ifanyike baada ya masika, na hakuna aliyepinga.

*

MWENYE JENGO: Fundi, njoo Jumatatu asubuhi upime. Uanzie nguzo ya kichochoroni.

MWALIMU: Saa ngapi? Mimi nitoke shule.

MWENYE JENGO: Mwalimu, huna haja ya kusumbuka, fundi ana futi kamba.

MWALIMU: Futi kamba haina mikono, mzee. Kiti changu ni kipana kuliko vile vya hospitali, na ninapopinda naanzia kushoto. Niacheni nipande kwenye ubao wa majaribio kabla hamjachomelea.

FUNDI: Saa kumi alasiri, basi. Nitakuja na ubao.